Upatanisho wa Kisarufi

Jumanne, 8 Juni 1976

Naomba radhi kwa ukimya huu mrefu. Namwomba nani? Najiomba mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine asomaye hapa. Tangu kabla ya Pasaka sijaandika neno. Kwanza ilikuwa kazi ya Kamati. Juma hili ni hasira. Mwalimu wangu wa zamani alitukataza kuandika tukiwa na hasira, kwa maana mkono hutetemeka na sentensi hupoteza adabu. Nilingoja ipungue. Haikupungua. Basi nitaandika nayo.

Asubuhi: uji, zaburi, kusahihisha taarifa ya Kamati. Katibu ameandika tena "batu ba kanisa". Nimefuta. Nimeandika "watu wa kanisa". Kila juma nafuta, kila juma anarudia. Nikigeuka ananiita Bwana Ngeli. Najua. Masikio yangu bado ni mazima.

Kamati hii inaitwa Kamati ya Upatanisho. Ni ya Waprotestanti na Wakatoliki wa mtaa wetu wa Manika. Hukutana katika darasa la shule iliyokuwa ya misheni na ambayo sasa ni ya Serikali. Ukutani palipokuwa na msalaba pana picha ya Rais. Chanzo cha Kamati ni aibu. Watu wa kanisa moja waliacha kwenda kwenye matanga ya kanisa lingine. Jirani alikufa, jirani akafunga mlango. Jeneza la mzee mmoja Mkatoliki lilibebwa na wanawake, kwa sababu wanaume wote wa barabara yake walikuwa wa kwetu, na wa kwetu walikaa ndani. Na chini ya dini kuna kabila. Wao wengi asili yao ni Kasai, wazazi wao waliletwa kuchimba shaba. Sisi Waprotestanti, wengi tumetoka kaskazini ya mkoa. Kila mmoja anasema Mungu, anamaanisha kijiji cha babu yake.

Katika mazungumzo ya zaidi ya mwaka tumepata sentensi moja tu ambayo pande zote mbili ziliikubali. Niliiandika mimi: "Ubatizo uliofanywa kwa maji na kwa maneno sahihi hautarudiwa na kanisa lolote kati ya haya mawili." Padri alitaka iwe "maneno ya imani". Nilidai "sahihi". Nilishinda, nikatembea hadi nyumbani nimeinua kichwa.

Sasa jambo lenyewe.

Mwanangu Ngoy ni fundi wa umeme kwenye bwawa la Nzilo. Hulala huko, huja nyumbani mwisho wa juma. Mkewe Kapinga ni Mkatoliki, binti wa Mama Ngalula, mjane auzaye makayabu, samaki wa chumvi, sokoni. Wana mtoto mmoja, Numbi, aliyepewa jina la mama yangu. Bado hajatembea. Makanisa yote mawili yamekuwa yakimtazama mtoto huyu kama kunguru wawili juu ya dagaa mmoja, na wazazi wamekuwa wakiahirisha ubatizo ili pasiwe na ugomvi.

Jumatano iliyopita, saa za mchana, Numbi alishikwa na degedege. Macho yaligeuka. Midomo ikawa rangi ya majivu. Kapinga alikimbilia barabarani kutafuta gari. Ndani tulibaki wawili na mtoto: Mama Ngalula, aliyekuwa amekuja kutuletea samaki, na mimi. Akasema, "Tata Mwalimu, leta mayi." Nilileta bakuli. Nilikishika kichwa cha mtoto kwa mkono mmoja na bakuli kwa mkono wa pili. Akachota kwa kiganja, akamwagia mara tatu, akasema: "Numbi, tunakubatiza kwa jina ya Baba, na ya Mwana, na ya Roho Mutakatifu." Nikasema Amina. Gari likapatikana. Hospitalini walimdunga sindano, akalala, akaamka na njaa. Leo amenitemea uji kwenye shati. Ni mzima.

Tunakubatiza. Tu. Tena "jina ya". Mtoto anakufa, na mwanamke huyu hawezi hata kupatanisha nomino na kihusishi chake. Nilikasirika papo hapo, Mungu anisamehe, kichwa cha mjukuu wangu kikiwa mkononi mwangu.

Jumatano, 9 Juni

Habari imefika kila mahali. Mama Ngalula ameitangaza sokoni kwa furaha: Numbi amebatizwa, Numbi amepona. Kwa Wakatoliki mtu yeyote aweza kubatiza palipo na hatari ya kufa. Kwetu hapana. Kwetu ni mkono wa mchungaji, mbele ya kanisa.

Mchungaji Kabwe alikuja kabla sijamaliza chai. Aliniuliza mwanamke alisema nini hasa. Nilimwambia. Alipiga goti lake kwa kiganja akacheka.

"Tu? Alisema tu? Basi si kitu. Maneno si sahihi. Tata Mwalimu, sentensi yako njo inatuokoa." "Njo" ni "ndiyo" ya hapa.

Atambatiza Numbi mwenyewe, katika ibada ya pamoja ya Jumapili ya kwanza ya Julai, mbele ya makanisa yote mawili. Ibada ya kwanza ya pamoja katika mtaa huu. Ibada niliyoipigania. Anataka kuifungua kwa kumnyang'anya mtu mtoto.

Hakuuliza nani alishika maji. Sikumwambia. Hilo nalo linanikasirisha, na kwa hilo simkasirikii yeye.

Ijumaa, 11 Juni

Padri ameniita. Ni kijana, mzaliwa wa Dilolo, amesoma mbali. Katika Kamati nzima yeye peke yake hutumia "ambaye" mahali pake. Nilimpenda kwa hilo.

Alisema kitabu chake kinadai nafsi ya kwanza umoja. Abatizaye ni mmoja. Kama mama yule alisema "ninakubatiza", mtoto amebatizwa, na Mchungaji akirudia atakuwa amevunja patano. Kama alisema "tunakubatiza", yeye Padri hawezi kuutetea ubatizo huo mbele ya mtu yeyote. Nilimwambia alisema "tu". Akasogeza kiti karibu.

"Tata Mwalimu, mtoto alikuwa anakoroma, nje kulikuwa na makelele. 'Ni' na 'tu' zinaweza kufanana katika sikio."

Hazifanani. Nimetumia maisha yangu kuwafundisha watoto wa watu kwamba hazifanani. Mtu mwenye Kiswahili kizuri kiasi kile ananiomba niwe kiziwi. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Nyumbani nilimkuta Kapinga anafunga nguo katika kitenge. Amesikia maneno ya Mchungaji. Hakulia. Alisema akiwa amenipa ubavu, kama mkamwana anavyopaswa kusema na mimi:

"Papa, mama yangu si mulozi. Mayi yake si ya bure. Siku mutamuita mama yangu mutu ya bongo, mi siko mu nyumba hii."

Bongo ni uongo kwa Kiswahili cha hapa. Amekwenda kwa mama yake. Amemchukua Numbi.

Jumapili, 13 Juni

Mahubiri ya Mchungaji Kabwe: wale wajengao juu ya mchanga. Hakumtaja mtu. Alimtazama kila mtu.

Nje, shemasi wake alinipokea kwa mikono miwili. "Bwana Ngeli, leo ngeli zako zimetuletea mutoto. Bakasai banapenda kila kitu ya bure. Sasa banataka hata batoto ya bure."

Watu wakacheka. Nilimwambia: "Kila kitu cha bure."

Wakacheka zaidi. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya barabara yetu nilipotambua nilichofanya. Mtu amewatukana wakwe zangu mbele yangu, na mimi nimelisahihisha tusi ili liwe fasaha zaidi.

Ngoy amefika kutoka Nzilo, amekuta chumba hakina mtu. Nilimwamuru aende kumrudisha mkewe. Hakuinuka.

"Papa, nitasema nini kule? Ni weye ulimwambia Mushungaji juu ya ile 'tu'. Si mi."

Nikamwambia ukweli ni ukweli.

"Ndiyo. Kwenye kazi yetu hata waya iko ya kweli. Lakini hauishike paka juu ni ya kweli."

"Paka" huku ni "tu", na "juu" ni "kwa sababu". Nilimwita mjinga. Alikula ugali wake wa bukari, akaenda kulala ukweni. Nyumba ina mimi na saa ya ukutani.

Jumatatu, 14 Juni

Nimekwenda sokoni. Sijapata kukanyaga upande ule wa samaki. Harufu ya chumvi inaingia mpaka kwenye koti. Wanawake waliniona tangu mbali. Mmoja akapaza sauti: "Ngalula, bakwe banakuya! Banaleta mahari ya pili?" Mama Ngalula akajibu bila kuinua macho: "Hapana. Anakuya kusahihisha samaki."

Walicheka kwa muda mrefu. Nilisimama nikingoja. Alinipa kigoda chake, yeye akakalia gunia. Alimaliza kwanza kumuuzia mteja, akamsindikiza kwa utani, ndipo akanigeukia.

Yafuatayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa makosa yake yote, kwa maana ni ushahidi.

Nilimuuliza kama katekisimu haikumfundisha "ninakubatiza".

"Ilinifundisha. Najua. Batoto bangu bote nabo balifundishwa."

Basi kwa nini alisema "tu"? Hofu? Heshima? Ulimi uliteleza?

Alinitazama kama vile mimi nimtazamavyo mwanafunzi asiyejua herufi.

"Tata Mwalimu, pale tulikuwa bawili. Weye ulishika mayi na kichwa ya mutoto. Mi nilimwanga. Nikisema 'mi', niko namudanganya Mungu, na weye uko pale anakuona. Njo nilisema tu. Ni mi na weye."

Akaongeza, akipanga samaki zake:

"Na Amina ulisema weye. Tena na nguvu. Nilizani Mushungaji atasikia mupaka kwake."

Nilirudi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nafanya uchanganuzi, kama niko ubaoni. Kiima: wawili. Nafsi: ya kwanza. Idadi: wingi. Kiambishi: tu. Kitenzi kimemtii mtendaji wake. Sentensi haikuwa na kosa. Ilikuwa ni upatanisho kamili.

Isipokuwa "jina ya". Hilo ni kosa na litabaki kosa.

Jumanne, 15 Juni

Hasira kutwa. Nimepasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Namkasirikia yule mama. Nani alimruhusu kuniingiza? Mimi ni mzee wa kanisa. Sina haki ya kubatiza hata kwa maji ya Yordani. Angesema "ninakubatiza" kama kitabu chake kinavyotaka, leo kosa lingekuwa lake na usafi ungekuwa wangu.

Lakini niliposema Amina sikusema kwa mazoea. Najua Amina ya mazoea. Nimeisema maisha yote, haina uzito. Ile ilitoka tumboni. Nilitaka maji yale yafanye kazi. Sikujali ni ya kanisa gani. Kwa muda wa mikono mitatu ya maji sikuwa Mprotestanti wala mwalimu. Nilikuwa babu, mwenye bakuli.

Alhamisi nitaitwa kuwa shahidi mbele ya Kamati. Mchungaji anataka niseme "tu" na ninyamaze. Padri anataka niseme "ni", au niseme sikusikia. Hakuna hata mmoja wao anayetaka kujua kilichotokea.

Alhamisi, 17 Juni

Darasa lilijaa. Watu wasio wajumbe walisimama madirishani. Mama Ngalula aliwekwa kwenye dawati la mbele, dawati la watoto, magoti yakiwa juu. Kapinga alisimama mlangoni na Numbi mgongoni.

Mwenyekiti aliniuliza: mama huyu alisema "ninakubatiza" au "tunakubatiza"?

Nilisimama. Nilisema: alisema "tunakubatiza". Upande wetu ulianza kunong'ona kwa furaha. Shemasi alimpiga mwenzake begani. Padri aliinamisha kichwa. Nilimwona Kapinga anageuka aondoke.

Nilisema sijamaliza. Nilisema: "Tu" ni mama huyu na mimi. Mimi nilishika maji. Mimi nilishika kichwa. Mimi nilisema Amina, na niliikusudia. Hakukosea. Kama kuna kosa, ni la watu wawili.

Yakazuka makelele ambayo sijayasikia katika darasa lolote.

Shemasi: "Tata Mwalimu, tangu lini weye ni padri?" Mkatoliki mmoja: "Na tangu lini Mushungaji anatuma bazee yake kutushikia shiye mayi?" Mwingine kutoka dirishani: "Mutoto amebatizwa nusu-nusu! Kichwa ya Roma, miguu ya misheni!" Walicheka pande zote mbili. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza wanacheka pamoja, na walikuwa wanamcheka mjukuu wangu.

Mchungaji Kabwe hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyemkuta mwizi na mwizi ni ndugu yake. Padri alisema polepole kwamba ubatizo wa watu wawili, tena wa makanisa mawili, haumo katika kitabu chochote anachokijua. Mchungaji alisema haumo katika chake pia. Mwenyekiti akauliza, basi mtoto ni wa nani?

Mama Ngalula alijitoa katika lile dawati kwa shida. Alisema:

"Mungu alisikiaka. Kamati njo haikusikia."

Akatoka. Kikao kikafungwa bila sala, kwa sababu hawakukubaliana nani aiongoze.

Nilipotoka nje nilimkuta Kapinga amesimama kwenye jua kali. Alinifuata nyuma, hatua chache, mpaka nyumbani kwetu. Jioni akaleta furushi lake kutoka kwa mama yake, akafungua kitenge, akarudisha nguo kwenye kamba.

Ijumaa, 18 Juni

Wazee wamekutana bila mimi. Nimesimamishwa uzee. Nimeondolewa katika Kamati. Sitakaribia meza ya Bwana mpaka nitubu hadharani kwamba nilijitwalia kazi ya mchungaji. Mchungaji alileta habari mwenyewe, hakuketi. Alisema "tumeamua". Nilitaka kumuuliza hiyo "tu" ni nani na nani.

Jioni tumesikia kwamba Padri naye amemzuia Mama Ngalula asipokee komunyo mpaka aungame.

Katika jambo hili makanisa ni sawasawa. Hakuna aliyeonewa zaidi.

Jumanne, 22 Juni

Lazima niandike hili leo, kabla halijalainika.

Wamekuja pamoja. Mchungaji Kabwe na Padri, kwa miguu, bega kwa bega, urefu mzima wa barabara yetu. Watu walitoka nje kutazama. Wanawake waliacha kutwanga sombe, kisamvu cha hapa. Kapinga aliwapa viti, akaleta maji ya kunywa, akaingia ndani.

Mchungaji alianza kwa sauti laini. Wamezungumza siku tatu, wawili peke yao, na wamepata njia. Padri akatoa sentensi aliyoiandika, akaisoma. Ni hii: "Nililishika bakuli kama mtumishi ashikaye taa, pasipo kusudi la kubatiza, nayo 'tu' aliyoitamka Mama Ngalula ilikuwa ni lugha ya heshima, ambayo maana yake ni 'ni'."

Nikikubali kuisema sentensi hiyo katika ibada ya pamoja, aliyebatiza atakuwa mmoja. Padri ataukubali ubatizo. Mchungaji hataurudia, kwa sababu ya patano. Numbi atakuwa amebatizwa mbele ya makanisa yote mawili, wala hakuna atakayemvuta tena. Mama Ngalula atarudi kwenye komunyo yake na mimi kwenye meza yangu. Nitarudishiwa uzee. Na pande zote mbili, siku hiyohiyo, zitatangaza kwamba matanga ya mmoja ni matanga ya wote.

Nilimwomba Padri anisomee tena. Nilitafuta kosa. Kila kirejeshi mahali pake, kila kiambishi kimetii. Halina kosa hata moja lile tamko, ila ni uongo.

Niliwauliza kama wao wanaamini. Mchungaji alitazama kofia yake. Padri alisema, "Tata Mwalimu, amani nayo ni ukweli." Nikamwambia hiyo si maana ya neno "ukweli" katika kamusi yoyote. Nilipandisha sauti. Niliwaambia kwamba tangu Kamati iundwe wamegombana juu ya kila kitu, hata juu ya nani afunge kikao kwa sala, na baada ya sentensi yangu ile, jambo la kwanza wanalokubaliana ni kwamba mimi sikuwapo. Niliwaambia: mtu mmoja wa kwenu na mtu mmoja wa kwetu walifanya kitu kimoja kwa mikono yao, siku moja, na dawa yenu ni kumfuta mmoja. Numbi akaanza kulia ndani. Nikanyamaza.

Mchungaji alisimama. Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia.

"Tata Mwalimu, wakati wa baridi haujaisha. Bazee bengi banakohoa mu mutaa. Mumoja akikufa mwezi ujao, nani atabeba? Banamuke tena?"

Wanataka jibu Ijumaa ya juma lijalo, siku mbili kabla ya ibada. Wakaondoka kama walivyokuja, wawili pamoja, na watu wakatoka tena kutazama, na mama mmoja akawapigia vigelegele.

Nimekasirika kwa sababu hawana haki. Nimekasirika zaidi kwa sababu lile la jeneza ni kweli.

Jumapili, 27 Juni

Sikwenda kanisani. Sikumbuki Jumapili nyingine ambayo sikwenda nikiwa mzima.

Baridi, upepo, vumbi jekundu kutoka machimboni kwenye kila jani. Ngoy na Kapinga walitoka mapema, yeye kwetu, mkewe kwao, wakapeana mikono kwenye lango kama wageni. Niliachiwa Numbi. Baadaye Mama Ngalula akaja, kwa kuwa naye hana haraka ya misa ambayo haruhusiwi kupokea komunyo. Aliloweka makayabu kwenye beseni ili chumvi itoke. Nilimenya vitunguu. Sijawahi kumenya vitunguu. Alinionyesha bila kunicheka, au alicheka akiwa ameinama.

Nilimweleza walichokuja kusema wale wawili. Nilimwambia yote, na lile la jeneza. Alibadilisha maji ya samaki mara mbili kabla hajajibu.

"Mi sitakupa neno. Maneno ni kazi yako. Ukisema mbele ya bantu kama haukukuwa pale, mi sitakatala. Nitanyamaza. Mutoto atakuwa na kanisa, na bafu batakuwa na bantu ya kubabeba."

Bafu ndio wafu. Kisha, akikamua samaki:

"Paka siku Numbi ataniuliza, nitamwambia vile ilikuwa."

Nilimuuliza yeye angefanya nini katika nafasi yangu. Alisema hajui. Alisema hata kule sokoni wanamuuliza, naye huwaambia wanunue samaki.

Nyimbo zilisikika kutoka pande mbili, zao na zetu, kwa upepo ule hazikuweza kutofautishwa. Numbi alilala kifuani mwangu, mdomo wazi. Ana joto la kawaida tu, joto la mtoto aliyeshiba. Waliporudi kutoka makanisani, wengine walitusalimu. Wengine waliangalia njia. Katibu wa Kamati alisimama kwenye lango, akasema "Tata Mwalimu, batu ba kwako biko muzuri?" Nikamjibu hatujambo. Hayo tu.

Tulikula sote watano. Hakuna aliyetaja Ijumaa.

Sijaamua. Asubuhi naegemea huku, mchana naegemea kule, na hasira iliyonibeba majuma haya imeniacha njiani. Sasa sina budi kutembea. Sitaandika tena kwa kupapasa. Nikiisha kuamua, nitaandika hapa, kwanza niliyoyasema, kisha sababu yake.